Kopo la Vipande

Mikanda ilitufikia sisi mwisho.
Dar walishaitazama hadi wakaichoka,
Morogoro wakaipaka gundi kama wanaoziba sufuria,
Dodoma wakaiachia vumbi,
Iringa wakaikunja ingali ya moto,
ndipo ikapakiwa basi la usiku kuja Mbeya:
mikebe sita ya bati, kamba ya katani,
na karatasi ya msambazaji. *Hali: Nzuri.*

Nzuri! Ambakisye alicheka kwa pua,
akanirushia glavu za pamba.
"Haya, tumpime mgonjwa."

Mwezi wa tano. Ukungu wa Loleza umeingia hadi ngazini.
Mkanda wenye baridi hukatika kama kijiti cha mkaratusi,
kwa hiyo mikebe tuliifunika kwanza blanketi,
blanketi la mwanangu Tusekile,
naye nyumbani nikamwachia koti la baba yake.
Asubuhi unafungua kifuniko. Harufu ya siki
inakupanda hadi kwenye macho.

Nilifundishwa kusoma kwa kidole gumba.
Unavua glavu moja, unafumba macho,
unauacha mkanda upite ukingoni mwa kidole
taratibu, kama anayechambua mchele gizani,
na kidole kinasema: hapa tundu limechanika.
Hapa mawili. Hapa meno ya mashine ya watu
yametafuna kwa njaa.
Hapa mtu kaunga kwa pini. Pini ya nguo, jamani!
Hadi leo nikikunja shuka
kidole kile hutembea pindoni chenyewe.

Wembe. Kwangua rangi. Gundi, tone moja.
Bonyeza, hesabu hadi ishirini
(Ambakisye alihesabu kwa Kinyakyusa, mimi kimoyomoyo).
Na kila ukiunga, unapoteza:
picha mbili, tatu, siku nyingine kumi.
Mwanamume anainuka kitini, papo hapo yuko barabarani.
Bastola inalia haijachomolewa.
Viti vya mbele wanapiga miluzi:
"Wezi! Rudisheni kipande chetu!"
Hawakujua wezi wametanda njia nzima;
kwamba yuko opareta mmoja, mji siutaji,
aliyekata mabusu yote akayatia mfukoni.

Mimi sikuiba. Niliokota.
Kilichoanguka sakafuni nilikiweka
kwenye kopo la maziwa ya unga:
kwato ya farasi,
nusu ya chozi,
mkono unaotaka kugonga,
na kipande kirefu kuliko vyote,
mwanamke wa filamu nisiyoijua jina
anageuka. Basi, anageuka tu.

Safari hiyo mkebe wa nne ulikuja umelowa.
Mtu alisafirisha ulanzi kwenye buti, dumu likavuja,
na picha zikayeyuka zikawa uji wa rangi
pale pale mlango unapofunguliwa.
Sekunde nzima. Anayefungua hayupo.
"Tia nyeusi," alisema Ambakisye, akashuka kunywa chai.

Nikafungua kopo.

Usiku, saa tatu na robo, mlango ulifunguka
na yule mwanamke akageuka.
Hakuna aliyepiga mluzi.
Ila kesho yake Mwalimu Kibona, wa hesabu,
alipanda ngazi zetu, kofia mkononi.
"Yule wa mlangoni, mbona harudi tena?"
Nikamwambia ni mpita njia.
Alikata tiketi siku tatu mfululizo.
Siku ya tatu alichelewa makusudi,
akakaa mkebe wa nne peke yake,
wa tano ulipoanza akavaa kofia, akatoka.
Hakusema amemfananisha na nani.
Sikuuliza.

Alhamisi tulifunga mikebe kwa kamba ile ile.
Ambakisye alipitisha kidole gumba kwenye kiungo changu,
akaenda mbele, akarudi nyuma,
akaniangalia kwa muda.
Kisha akavuta karatasi ya msambazaji, palipoulizwa hali,
akalamba ncha ya penseli
na kuandika: *Nzuri.*