Siku Zisizohesabiwa

Pale Igombe samaki hununuliwa kwa matamvua:
unafunua shavu, ukikuta wekundu, unalipa.
Dalili hiyo haijatudanganya.
Labda ndiyo maana walipomtazama bibi yangu Nkwimba
wakakuta macho mekundu,
walidhani na yeye wamekwisha kumsoma.

Miaka thelathini mbele ya banda la kukaushia,
akigeuza sangara juu ya waya,
kuni mbichi, upepo ukimrudishia moshi usoni.
Hilo hakulitaja mtu.
Moshi waliuona kila siku, uchawi hawajauona,
na kisichoonekana, sijui kwa nini, ndicho huaminiwa upesi.

Lukelesha, mwenye mitumbwi miwili na sauti ya mitumbwi kumi,
alisema penye mizani, watu wakisikia:
"Jumanne kapita ufukweni. Usiku ule karabai zangu
zimewaka hadi alfajiri, sikupata hata dagaa wa kumnusisha paka.
Sasa niambieni ni nani."
Mmoja akasema kweli.
Wa pili akasema kweli kwa kuwa wa kwanza kasema.
Wa tatu alikuta wawili.
Kufika magharibi ikawa "kila mtu anajua".

Nilikuwa darasa la sita.
Hoja sikuwa nayo, nilikuwa na daftari.
Nikalifungua kwa nyuma, nikapiga mistari:
siku bibi kapita, siku hakupita,
siku wamepata, siku wamekosa.
Vyumba vinne, kama nyumba ya kupanga,
na kila siku nikaitafutia chumba chake.

Siku tisini.
Sitini na mbili alipita, na ndoo zikajaa.
Hizo hazikuwa na msemaji.
Kumi na tisa alipita, wakakosa.
Tisa alilala na homa, hakutoka hata mlangoni,
na nne kati ya hizo nyavu zilirudi tupu vilevile.
Halafu nikaona: siku za kukosa hazikutawanyika.
Zilijikusanya, nane, saba, nane,
kulizunguka duara jeupe kwenye kalenda ya duka la Holo.
Mbalamwezi. Ziwa zima ni taa;
dagaa gani ataifuata karabai yako?

Lukelesha alilijua hilo kabla sijazaliwa.
Alikuwa na deni la injini, akaingia ziwani usiku ambao wenzake walilala.
Lakini deni halikumfanya mwongo.
Mwezi ndio uliomkanusha.

Niliwasomea. Wakacheka.
Mmoja akasema, basi ni yeye anayeuvuta mwezi;
dai lao ukilifungia mlango lilitokea dirishani.
Malugu peke yake, yule wa tatu, akakuna kidevu:
"Usiku ule kweli nilikiona kivuli changu."
Mtu mmoja. Nikamwandika.

Wiki iliyofuata jiwe letu la kilo lilipotea mezani.
"Lukelesha," nikasema.
Bibi hakugeuka kutoka kwenye moto.
"Umemwona?"
"Namjua."
Akageuza sangara mmoja, akageuza wa pili.
"Hata mimi, mjukuu wangu, wananijua."

Nilikaa na daftari hadi utambi ukanywea.
Nilitaka sana liwe yeye.
Nilipima kutaka kwangu kwa mkono huu na mkono huu:
kulikuwa kuzito, kuzito kuliko jiwe lenyewe,
lakini hakukuwa ushahidi.
Nikaandika: jiwe la kilo, aliyechukua, sijui.
Neno hilo la mwisho nililiandika vibaya, nikalirudia.

Kesho yake tulipimia kwa pakiti mbili za chumvi za nusu kilo.
Lukelesha alikuja kununua.
Akaitazama mizani, akanitazama,
akasubiri niseme.
Nikamwekea samaki wake, nikatazama mshale tu,
mpaka ulipotulia.