Siku ya Nne

Siku ya nne bila maji.
Freija anachungua mavi: makavu, madogo,
kama shanga zilizokatika uzi.
Mbuzi weusi tii, bonde la Sinai,
na jua limewalalia migongoni kama deni.

“Weusi wa nini kwenye joto hili?”
aliuliza daktari wa mifugo kutoka Kairo.
Freija akacheka:
asubuhi za baridi wao huota jua bure,
mimi nanunua kuni.

Adhuhuri wanahema, midomo wazi,
kila mmoja kivulini mwa mwenziwe.

Kisimani, Samha anainama.
Ndoo moja. Ya pili. Hainui kichwa.
Tumbo linajaa, linaweka akiba,
damu itapewa kidogo kidogo.

Freija naye anakunywa kikombe kimoja,
na kiu yake
iko palepale.