Kijiko cha Saa Nne Usiku

Saa nne usiku nakuamsha ule.
Si karamu: kikombe cha uji wa uwele,
karanga za kutwanga, na juu yake
kijiko kimoja cha unga mweupe
unaonuka kama chaki iliyolowa.

Kopo lake limekula mbuzi wawili,
yule beberu wa Mvumi na mama yake.
Lina picha ya kijana mwenye misuli
anayecheka kama hajawahi kuugua hata mafua.
Ulipomwona siku ile, kichwa chako kikiwa kimetulia,
ukasema, "Huyu ndiye atanifundisha kukumbuka?"

Lo, Ndahani.
Mtu aliyeipima Ilazo ikingali vichaka,
aliyevuta kamba kigingi hadi kigingi
akarudi jioni na miiba kwenye soksi,
mwezi wa tatu alisimama katikati ya sebule yake
akaniuliza mlango uko wapi.

Tulidhani malaria. Kisha tukadhani mkono wa mtu.
Dada yako Nyendo aliapa ni kile kiwanja cha Msalato,
akaleta chupa ya mizizi, nyeusi kama oili chafu.
Ukainywa siku tatu. Macho yakawa kiini cha yai la kienyeji.
Siku ya nne ulikojoa kwenye ndoo ya kunde
na hukuona haya.
Haya niliona mimi.

Hospitali, daktari kijana, Mwaluko:
"Nyoosha mikono, mzee, kama unamzuia mtu mlangoni."
Mikono ikapigapiga, kuku anayekataa kushikwa.
Akakupa karatasi yenye namba zilizotawanyika,
unganisha moja na mbili, mbili na tatu.
Kazi ya vigingi! Nikasema moyoni, hii anaiweza.
Ukafika saba.
Ukaitazama nane kama mtu anayekudai.

"Ini ni dobi," akaniambia koridoni.
"Dobi akiugua, uchafu haubaki kwenye beseni,
hupanda na damu hadi kichwani."
Nikajitetea: nimemkatia nyama, nimemkatia maziwa,
hata choroko, maana jirani alisema ndivyo vinavyopanda.
Akaweka kalamu chini. Taratibu.
"Mama, umemfunga njaa mtu aliyekwisha kukonda."
Ale kidogo kidogo, ale kunde, ale mgando,
asilale na tumbo tupu.
Ile dawa tamu ya kumpeleka chooni isikosekane
hata chumvi ikikosekana.
Zinki, kwa kuwa kipimo kimeonyesha imepungua.

Na huu unga wa kwenye makopo?
Akakuna kidevu. "Wapo unaowasaidia.
Si muujiza. Kama mbuzi wapo."

Mbuzi walikuwepo.

Jumamosi pale sokoni Majengo, mtu na spika yake:
kirutubisho cha kusafisha ini, siku saba tu!
Nikamwuliza ndani kuna nini.
"Mimea, mama. Mimea mia moja."
Mimi mmoja tu wa Nyendo ulinitosha.
Nikanunua kunde, kilo mbili, nikaondoka
huku spika ikinifuata mpaka kwenye vitunguu.

Wananiuliza: unga unafanya kazi?
Sijui. Labda ni unga, labda kunde,
labda ni hizo safari za chooni unazozilaani.
Jumanne uliandika jina lako, herufi zote zikatimia.
Jana uliniita kwa jina la mama yako
ukaniomba ruhusa ya kwenda kuchunga.
Kamba yangu ya kupimia ni fupi hivyo:
siku hii, siku ile.

Saa nne. Upepo wa Julai unasukuma bati
na vumbi linapita chini ya mlango bila kubisha.
Nakugusa bega. Sikuulizi tarehe,
sikuulizi rais ni nani, wamekuuliza vya kutosha.
Nasema tu, "Mbukwa,"
kijiko kikiwa hewani, mkono wangu nao ukitetemeka.

Unatazama dari. Unatazama kijiko.
Mahali fulani ndani, mtu anavuta kamba
kutoka saba kwenda nane.

"Mbukwa, Mbeleje," unasema.
"Na yule kijana wa kwenye kopo, amekula?"