Kuvuta

Ilizima kwenye kona ya mwisho kabla ya Kibosho,
na mifuko themanini ya saruji mgongoni.
Haikukohoa kama gari lenye maji kwenye dizeli.
Ilipungua tu, ikapungua,
kama mtu anayesahau alichotaka kusema.

Kundaeli akashuka, akafunua boneti,
akapampu kwa kile kimkono cha pembeni,
mara ishirini, mara hamsini.
Ikawaka. Kilomita nne. Ikazima.
Mimi utingo nikaweka jiwe nyuma ya tairi,
maana hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo.

Siku ya tatu tukaishusha Pasua, gereji ya Mmbaga.
Kila mpita njia ana ugonjwa anaoujua yeye:
"Nozo hizo."
"Nozo wapi! Bedfodi hii iuze chuma chakavu."
Mmbaga hakujibu mtu. Alichomoa dipstiki, akainusa
kama unavyonusa maziwa ya jana.
"Oili ni oili. Kiwambo cha pampu kingechanika,
dizeli ingeshukia huku, oili ikapanda bila kuongezwa."
Akapitisha kidole chini ya pampu, kwenye kitundu
kidogo kama jicho la kifaranga. Kikavu.
Akalegeza nati ya bomba linaloingia, spana kumi na saba,
akaziba mdomo wa pampu kwa kidole gumba.
"Pampu."
Nikapampu. Akacheka kidogo.
"Leta chako."

Kitu kikaninyonya ngozi,
kwa bidii, bila hasira,
kama ndama asiyejua kwamba mama yake ameuzwa.

"Hii haina kosa," alisema Mmbaga.
Lakini Kundaeli alikwishatuma pesa Arusha,
laki moja na tisini, pampu mpya ndani ya boksi,
na aliyekwishalipia dawa
hapendi kuambiwa mgonjwa ni mzima.

Tukafunga mpya. Ikanguruma hadi watoto wakatoka nje.
Kona ile ile,
ikasahau alichotaka kusema.

Safari hiyo Mmbaga alipanda nyuma pamoja nami, juu ya saruji.
Hakugusa pampu. Alisimama barabarani, mikono kiunoni.
"Kila tukiifungua inapona. Tukiifunga inakufa.
Basi kitu gani hupona kwa kufunguliwa?"
Kundaeli alidhani ni kitendawili, akakasirika.

Akalifuata bomba kwa kiganja, kinyumenyume,
chini ya kebini, ubavuni mwa chesisi,
polepole kama anayesoma kaburi gizani,
mpaka tangini.
Nikalijua kosa kabla hajalifikia.

Mfuniko uliibiwa Kiboriloni, wiki ile ya mvua.
Niliambiwa: ziba, maji yasiingie.
Nikaziba. Nailoni mbili, juu yake mpira wa tyubu
mizunguko saba, na fundo alilonifundisha babu
la kufungia mbuzi mkaidi.
Sijawahi kuziba kitu vizuri namna ile.
Nailoni ilikuwa imebonyea ndani
kama shavu la bibi asiye na meno.

Alipokata mpira, tangi likavuta pumzi.
Refu. Mbwa aliyekuwa akitubwekea tangu tusimame
akanyamaza, akasikiliza.

Sikupigwa. Ningependa kupigwa, ingeisha mapema.
Kundaeli alilitazama boksi tupu kwenye kiti,
kisha mimi, kisha boksi.
Mmbaga akaomba kifuniko cha kopo kwa mama mmoja wa pale juu,
akakitoboa kwa msumari,
tundu dogo kuliko punje ya ulezi.
"Chombo kinachotoa lazima nacho kipate," alisema,
halafu akadai nauli ya kurudi Pasua.

Tulifika kwa paroko usiku, saruji ikashushwa kwa kurunzi.

Ile pampu ya zamani hakuna aliyeidai.
Ninayo dirishani, karibu na sabuni.
Siku nyingine, nikiwa peke yangu,
naweka kidole mdomoni pake, napampu.

Bado inavuta.