Mkate wa Chupa

Wagonjwa wameisha. Saa tano usiku,
chini ya kilima Mwanza inapunguza taa zake,
na Ng'washi anaingia na kiroba cha unga,
ndani yake tofali.
"Lilaze taratibu," ananiambia,
kana kwamba lina mama yake nje anasubiri.

Nililiinua kwa nguvu ya tofali
nusura nijipige nalo kidevuni.
Jepesi. Ni chupa za bia za vichochoro vya Kirumba,
zimetwangwa, zimechekechwa,
zikachanganywa na unga wa makombe ya konokono
waliookotwa ufukweni Luchelele;
kisha tanuri, na kioo kikaumuka kama andazi,
kila kombe likiacha pumzi yake
palepale, ikagandia humo.

La kwanza lilielea ziwani siku tatu.
La pili lilizama mbele ya watu wa halmashauri,
bila hata kupiga kelele.
Hili ni pacha wa lile la pili.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
na tofali usilolipasua hujui matundu yake;
tatizo, ukishalipasua huna tofali.
Ndiyo maana amekuja kwangu.

Nalilaza wanapolala watu.
Nusura niseme, kwa mazoea: vuta pumzi, ishike.
Pete inazunguka. Linakuja tabaka kwa tabaka,
mia nne na kumi na mbili,
kioo ndani ya kioo:
nyeupe ni chupa, nyeusi ni hewa.
Weusi mdogo mdogo, wa mviringo,
umebanana kama mayai kinywani mwa sato.

Tabaka la mia mbili na tisa: pango.
Vitundu viwili vimebomoa ukuta wao vikawa kimoja,
hicho kikameza cha tatu,
na kutoka hapo ufa, mwembamba kama unywele,
mpaka ubavuni.
"Maji yalipita hapa."
Ng'washi anaandika kiganjani: *punguza moto.*

Mimi bado naangalia weusi.
Baba aliponda kokoto Mabatini miaka kumi na tisa.
Picha yake ya mwisho nilipiga mimi,
kwa ile mashine ya zamani:
palipotakiwa kuwa peusi palikuwa peupe,
mawe yamemfuata yalipe kisasi.
Nilimwambia, imetoka vizuri, mzee.
Sikusema uongo. Picha ilitoka vizuri.

"Mbona kimya?"
"Nahesabu."
"Hewa ni kiasi gani?"
"Asilimia themanini na moja."
Anacheka mpaka anakaa chini.
"Kumbe miaka yote hii nauza hewa!"

Amelibeba tofali lake kwapani, amekwenda.
Shukani limeacha vumbi, laini, linang'aa.
Navaa barakoa kwanza, ndipo napangusa.
Boksi zima lililobaki nilimtumbukizia kirobani.
Hakuuliza kwa nini.