Nafasi Moja

Mimi ndiye niliyelipiga chapa lile tangazo.
Profesa Mwandamizi, Uhandisi wa Maliasili. Nafasi moja.
Mkuu wa idara alinisimamia begani, akitamka:
"Awe na machapisho. Awe na tajriba ya miaka kumi.
Awe tayari kuishi Mtwara." Hapo akasita.
"Hilo lifute, Asumini. Utawatisha."
Nikafuta.

Mwaka wa kwanza aliomba mmoja, akataka nyumba Masaki.
Mwaka wa pili akaja mwingine, akaiona maabara,
akasema anatoka nje mara moja kupiga simu.
Nadhani bado anapiga.

Mwaka wa tatu ikaingia bahasha ya kaki,
wino wa kalamu, mwandiko wa kulala:
Namwambe, Fidea.
Miaka ishirini na sita kwenye migodi ya watu, nchi za baridi.
Mahali pa kuzaliwa: Mahuta.
Mkuu akaisoma mara mbili, akaiweka mezani kwa uangalifu
kama yai la mtu mwingine.
"Huyu," akasema, "hatumwezi."

Usaili ulikuwa kwa kompyuta.
Jopo la watu watano, suti tano, feni moja,
nami pembeni na daftari la kumbukumbu,
ming'oko yangu nimeifunika kwa gazeti chini ya meza.
Walimuuliza ya mashapo, ya mgandamizo, ya kinywe cha Ruangwa.
Alijibu kama mtu anayechambua mchele:
taratibu, kokoto moja moja,
hakuna aliyeitwa mjinga.

Kisha umeme ukakatika.
Feni ikazunguka mizunguko yake ya mwisho, ikachoka.
Dakika kumi na tisa tukasikiliza jenereta ikikohoa dizeli,
na gesi iko pale pale Msimbati, chini ya miguu yetu tu.
Hakuna aliyelisema hilo.
Mhasibu alijipepea kwa wasifu wa profesa.

Aliporudi kwenye kioo hakuuliza mshahara.
"Wali wenu wa mchana huu," alisema, "umepikiwa nini?"
Suti zikatazamana.
Afisa utumishi akafungua faili, kana kwamba jibu limo.
"Mkaa," nikasema mimi, nisiyeruhusiwa kusema.
"Gunia bei gani?"
Nikamtajia. Nikamtajia na ya masika.
"Na Mahuta? Maji?"
"Kwa dumu, Profesa. Bado ni kwa dumu."
Akanyamaza. Nikadhani mtandao umeganda
mpaka nikaona bega lake linatikisika kidogo:
alikuwa anaandika.

Jioni nikaagizwa sehemu hiyo isionekane
katika kumbukumbu za kikao.
Ni ukurasa wa nne, aya ya pili.
Safari hii sikufuta.

Mkataba umerudi na saini yake.
Kwenye nyumba ya Shangani, ile inayotazama bahari,
amepiga mstari, juu yake akaandika:
chumba chochote karibu na stoo ya sampuli.
Mshahara hakuugusa.
Tarehe ya kuanza kazi ameiacha wazi.

Wenzangu wanasema ndivyo wakubwa wanavyokataa,
wanakukatalia kwa adabu, hata huwezi kulalamika.
Mimi sijui. Nimewanyang'anya walinzi makreti ya mawe
waliyoyafanya viti tangu wachimbaji wale waondoke,
nimeyarudisha stoo, nimeyapangusa.
Mengine namba zimefutika. Hayo nimeyaweka peke yake,
nisije nikayapa majina ya uongo.

Jana fundi ameleta kibao cha mlangoni.
Ameandika *Uhandishi*.
Mkuu anataka kirudishwe leo leo, tusichekwe.
Nimemwambia kimesharudi.
Kiko nyuma ya kabati langu, na msumari wake, na chaki.
Akija, mwalimu huanzia kwenye kosa.
Asipokuja,
nitakisahihisha mwenyewe.