Uchochoro Kati ya Picha na Picha

Shemzigwa ananiona toka mbali, naivuka reli,
ananyanyua turubai: "Bi Mwanakheri, leo kipo."
Kipo, chini ya magazeti ya mapishi
na mwongozo wa trekta lisilotengenezwa tena.
Mende wamekula pembe ya jalada, farasi wamemwacha:
farasi mwekundu, kofia, vumbi la manjano,
na maandishi ya lugha nisiyoijua.
Kitaliano, asema. Kireno, nasema mimi.
Bei tumeafikiana, lugha bado.

Nakisoma usiku, zamu yangu, wodi ya nne, Bombo,
dripu zikidondoka kama mtu ahesabuye deni,
kitabu ndani ya faili la bluu
ili Sista Kiondo akipita aone bidii.

Mimi si wa jana kwa katuni.
Nimesoma za majitu yarukayo, za mizimu, za wapelelezi wenye mbwa,
nimemlilia roboti mmoja, ukurasa wa thelathini na moja,
kamasi na machozi, mtu mzima.
Lakini hawa wa farasi ndio wanaonishika kooni.
Labda kwa kuwa hawasemi sana.

Mji wa mbao, barabara moja tu.
(Sisi Ngamiani tunazo ishirini na moja, zina namba,
na bado mgeni hupotea.)
Mtu anaingia, ukingo wa kofia umemla macho.
Kiputo chake nakibangua, namwaga ya kwao, natia ya kwetu,
nampa sauti ya marehemu mjomba Kilua, mnyapara wa Kigombe:
"Nani kafungua punda wangu?"
Na sherifu, akijishika mkanda:
"Shuka kwanza unywe maji. Ugomvi haukimbii."
Waja leo, waondoka leo, twasema Tanga,
na wajao hawaondoki.
Huyu wa kofia ndiye wa kwanza kuniaminisha:
kaja adhuhuri, jua halijazama keshaondoka.

Sasa tazama hapa.
Picha ya kwanza: vidole juu ya bastola.
Picha ya pili: kofia i hewani.
Katikati, ukanda mweupe, mwembamba kama mpira wa dripu.
Hapo mchoraji hakuchora kitu. Kaweka kalamu, kaenda kunawa.
Hapo ndipo risasi ilipopita.
Nani kafyatua?
Mimi, nesi, mama wa watoto watatu,
katika uchochoro ule mweupe,
kama vile vya kwetu, unaingia na ndoo
unatokea upande wa pili na habari za watu.

Ukurasa wa kumi na tisa, nyuma ya farasi aliyekufa,
kwa wino wa haraka haraka, pambo tu:
mkonge.
Naujua kabla sijajua alifu.
Baba aliukata mpaka mwiba ukamchukua jicho la kushoto.
Majani ni yale yale, mlingoti ule ule.
Nikaugusa kwa kidole. Kumbe huku ndiko kwenu.
Kwetu uliletwa, ukapewa kazi, nawe ukatupa kazi.
Nikakaa nao kidogo, sikufungua ukurasa.

"Nesi."
Kitanda cha sita, Chambo, miaka kumi na mmoja,
mguu kwenye plasta, kaangushwa na mkorosho wa watu.
"Maji?"
"Hapana. Huyo wa kofia, kafa?"
Faili limenisaliti, jalada linachungulia.
Nikamwambia: sijui, angalia mwenyewe,
nikampa na tochi.

Alfajiri namkuta bado macho,
anamsemesha jambazi kwa sauti ya fundi pikipiki,
"hii kazi ya wiki mbili, bosi, spea hakuna,"
na ubavu wangu unauma kwa kicheko ninachokizuia.
Ukurasa wa mwisho haumo, umechanwa zamani.
Hajauliza.

Nikamshika kifundo cha mkono, nikatazama saa, nikajaza:
Joto, thelathini na saba nukta mbili.
Mapigo, farasi.
Nikafuta.
Nikaandika themanini na nane.